Kiungani: Chuo Kilichotangulia Kanisa Lake

Tarehe 29 Juni 1864, katika kanisa kuu la Canterbury, Samuel Ajayi Crowther aliwekwa wakfu kuwa askofu. Alikuwa Myoruba aliyetekwa utotoni akauzwa, akaokolewa baharini na manowari ya Kiingereza, akashushwa Sierra Leone, na chuo cha Fourah Bay kilipofunguliwa mwaka 1827 yeye alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo kabisa. Mwaka huohuo wa 1864, upande wa pili wa bara, Askofu William Tozer na padri Edward Steere walishuka Unguja, na Sultani Majid akawapa wavulana 5 waliotolewa katika jahazi la watumwa. Katika wavulana hao ndimo kilimoanzia chuo cha Mtakatifu Andrea, ambacho watu wa pwani walikijua kwa jina la mahali kilipojengwa: Kiungani. Mtu anayeyasoma matukio haya mawili kwa pamoja angetarajia kwamba njia aliyoipita Crowther ingepitwa upesi na mtoto mmojawapo wa Unguja. Haikuwa hivyo. Kutoka wavulana wale 5 hadi padri wa kwanza Mwafrika wa misheni iliyowaleta Tozer na Steere ilipita miaka 26. Kutoka padri huyo hadi Mwafrika wa kwanza kukabidhiwa dayosisi katika Tanganyika na Zanzibar ya misheni hiyo ilipita miaka 75. Safari ya kutoka utumwani hadi altareni ilikuwa fupi karibu mara tatu kuliko safari ya kutoka altareni hadi kwenye kiti cha uaskofu. Historia hii inadai maelezo, na maelezo yaliyozoeleka, kwamba Waafrika walikuwa bado hawajasoma vya kutosha, hayalingani na ushahidi. Seminari ilimaliza kazi yake mapema. Waliochelewa ni wale waliokuwa na mamlaka ya kukabidhi.

Kwanza tuelewe kwa nini misheni hii ilianza na chuo. Misheni yenyewe, ya Kianglikana, iliitwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, nayo ilizaliwa baada ya David Livingstone kuwahutubia watu wa Cambridge mwaka 1857. Kundi la kwanza, likiongozwa na Askofu Charles Mackenzie, lilikwenda moja kwa moja bara, likapiga kambi Magomero karibu na mto Shire, katikati ya vita vya kukamata watumwa na njaa. Mackenzie alifariki kwa homa Januari 1862, na wenzake kadhaa wakamfuata. Tozer, aliyechukua nafasi yake, alifikia uamuzi ambao wengi Uingereza waliuona wa woga: aliondoka bara akahamia Unguja. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mzungu hakudumu bara; ugonjwa ulimmaliza kabla hajaijua lugha. Basi kazi ya kuhubiri bara ingefanywa na watu waliotoka huko wenyewe, wakiisha kusomeshwa pwani. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza chuo hakikuwa pambo la kuongezewa kanisa lililokwisha kusimama. Kilikuwa ndiyo njia yenyewe, na padri Mwafrika ndiye aliyekuwa shabaha iliyotajwa waziwazi. Hili tulikumbuke, kwa sababu misheni hiyohiyo baadaye ilionyesha kushangazwa na mtu ambaye yenyewe ilikuwa imemwomba Mungu aipe.

Kiungani palikuwa shamba kusini ya Mji Mkongwe. Wanafunzi wake wa miaka ya mwanzo hawakuwa wana wa Waunguja. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine wa bara, waliotekwa, kuuzwa, kisha kutolewa majahazini. Mwaka 1887 mwalimu wao A. C. Madan, ambaye kamusi zake za Kiswahili zingetumika kwa miaka mingi, alichapisha kitabu cha masimulizi ya maisha yao, waliyoyatunga wenyewe kwa Kiswahili naye akayatafsiri kwa Kiingereza. Humo vijana wanasimulia kijiji kilivyovamiwa, mikono iliyowabadilishana kwa nguo au chumvi, na njia ndefu ya kushuka pwani. Kitabu hicho ni ushahidi wa namna mbili. Kwanza kinaonyesha walikotoka. Pili kinaonyesha walichokuwa wamekwisha kuwa: watu wenye uwezo wa kuyapanga maisha yao kwa maandishi, katika lugha ambayo wengi wao hawakuzaliwa nayo, miaka michache tu baada ya kuvuliwa minyororo. Darasa lenye wanafunzi wa namna hiyo halikosi malighafi ya uchungaji.

Lugha ya masomo nayo ilikuwa na uzito wake. Steere, aliyekuwa askofu baada ya Tozer kujiuzulu kwa maradhi mwaka 1873, alishika msimamo kwamba imani ifundishwe kwa Kiswahili na kwamba mwanafunzi asigeuzwe kuwa Mwingereza mweusi. Kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilitoka 1870, na mtambo mdogo wa chapa aliouweka Unguja uliendeshwa na vijana wa misheni. Agano Jipya la Kiswahili lilichapishwa 1883, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na Biblia nzima 1891. Mwanafunzi wa teolojia wa Kiungani kwa hiyo alisoma Maandiko wakati Maandiko yenyewe yalikuwa bado yanatafutiwa maneno. Aliyepanga herufi za ukurasa, akauliza kama neno hili linafaa, akausoma tena kanisani Jumapili, hakuwa mpokeaji tu wa teolojia iliyopikwa kwingine. Alikuwa mmoja wa wapishi. Mafunzo ya namna hiyo hayana cheti cha kuyaonyesha, lakini vyuo vingi vya leo vyenye maktaba kubwa vingetamani kuwapa wanafunzi wake nusu yake.

Matunda yalikuja kwa mpangilio. Mwaka 1870 wawili kati ya wale 5 wa kwanza, John Swedi na George Farajallah, waliingizwa katika daraja la chini la huduma. Farajallah hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Mwaka 1876 Steere aliongoza msafara wa watu walioachwa huru hadi Masasi, wakaanzisha makazi ya Kikristo. Mwaka 1879, mwaka uleule kanisa kuu lililojengwa penye soko la watumwa la Mkunazini lilipofunguliwa kwa ibada ya Krismasi, Swedi alikuwa amekwisha kuwa shemasi. Mwaka 1882 Wangoni walivamia Masasi, wakaua na kuchukua mateka, na misheni ikatawanyika. Katika nchi hiyohiyo iliyovurugika ndiko alikopelekwa Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utotoni, akasoma Kiungani, akaongezea masomo Canterbury, akaoa msichana aliyesomeshwa katika shule ya misheni ya Mbweni. Alifika Chitangali mwaka 1886. Hakuwa na Mzungu wa kumsimamia karibu. Alijenga kanisa, akaendesha shule, akapatana na wakuu wa Kiyao, na Ukristo wa eneo lile ukashika mizizi katika mikono yake. Mwaka 1890 Askofu Charles Smythies alimpadirisha mjini Unguja. Ndiye padri wa kwanza Mwafrika wa misheni ile.

Mtu mmoja angeweza kuitwa bahati. Lakini Majaliwa hakuwa peke yake. Kutoka Kiungani alitoka Yohanna Abdallah, Myao, aliyepadirishwa mwaka 1898 katika dayosisi ya Nyasa, akafanya kazi Unangu katika eneo lililotawaliwa na Wareno, na akaandika kwa Kiyao historia ya watu wake, iliyochapishwa 1919. Alitoka Augustine Ambali, mtoto mwingine aliyekombolewa, aliyehudumu miaka mingi kando ya Ziwa Nyasa na kuyaandika maisha yake. Alitoka Leonard Kamungu, aliyepadirishwa 1909 akaenda kama mmisionari hadi Msoro, katika Zambia ya leo, ambako alifariki 1913. Huko Bonde, upande wa pwani ya kaskazini, kulikuwa na Petro Limo na Samwil Sehoza. Tazama mtawanyiko huo: pwani ya kaskazini, kusini hadi Ruvuma, Ziwa Nyasa, hadi ng'ambo ya mipaka mitatu ya kikoloni. Chuo kidogo cha kisiwani kilikuwa kimepeleka wachungaji mahali ambapo serikali zilikuwa bado zinapigania kuchora ramani.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapotokea, nalo si la kupuuzwa. Inasemwa kwamba mapadri hao wa mwanzo hawakuwa imara: Majaliwa mwenyewe alirudi Unguja mwaka 1897, na baadaye kwa muda akawa nje ya huduma, wanafunzi wengine waliacha masomo wakaenda kufanya kazi za serikali na za misafara, ambazo zililipa zaidi. Kwa hiyo, inasemwa, misheni ilikuwa na busara kwenda polepole. Tukubali matukio, kisha tukatae hitimisho. Mizani ikiwa moja, tuwapime pia Waingereza. Mackenzie alikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja bara. Tozer aliacha kazi. Smythies alifia baharini mwaka 1894. Chauncy Maples alizama Ziwa Nyasa mwaka 1895, hata kabla hajaanza kazi yake ya uaskofu. William Richardson, aliyemrithi Smythies, naye alijiuzulu kwa afya. Katika orodha hiyo yote hakuna aliyehitimisha kwamba Waingereza hawafai uaskofu. Walipotoka, waliagizwa Waingereza wengine. Udhaifu wa Mzungu ulihesabiwa kuwa wa mtu mmoja. Udhaifu wa Mwafrika ukahesabiwa kuwa wa watu wake wote. Hiyo si busara ya kwenda polepole. Ni mizani mbili.

Kisha likaja jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Vita vilipofika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914, wamisionari wa Kiingereza waliokuwa ndani ya koloni walikamatwa, na wengi wakafungwa Tabora hadi Wabelgiji walipouteka mji huo Septemba 1916. Baadhi ya walimu na viongozi wa kanisa wa Kiafrika nao walitiwa kizuizini na kuteswa kwa kushukiwa. Makanisa hayakufungwa. Huko Bonde ni padri Samwil Sehoza aliyeshika usukani. Masasi nako mapadri Waafrika ndio waliobatiza, wakazika, wakaendesha shule pale ilipowezekana, na kutunza hesabu, huku njaa na ukamataji wa wapagazi ukiwaandama waumini wao. Wajerumani waliposhindwa, zamu ya kuondolewa ikawa ya Walutheri: wamisionari wao walifukuzwa mwaka 1920, na sharika za Usambara na Uzaramo nazo zikabaki kwa miaka mikononi mwa wazalendo. Wanahistoria huwa hawapati maabara. Hapa waliipata: kanisa liliondolewa viongozi wake wa kigeni kwa ghafla, bila maandalizi, katika hali mbaya kuliko zote, nalo likasimama. Hoja kwamba Waafrika hawakuwa tayari ilipaswa kuzikwa mwaka 1918. Badala yake wamisionari walirudi, wakashukuru, wakashika tena viti vyao.

Kwa nini? Jibu moja liko Afrika Magharibi. Katika miaka ya mwisho ya Crowther vijana wa Kizungu waliotumwa kukagua misheni ya mto Niger waliwasimamisha kazi wasaidizi wake na kumwaibisha yeye mwenyewe. Alifariki tarehe 31 Desemba 1891, na aliyemrithi alikuwa Mzungu. Angalia tarehe. Majaliwa alipadirishwa 1890, mwaka ambao mkasa wa Niger ulikuwa umepamba moto. Mwafrika wa Unguja alifika mlangoni wakati uleule mlango ulipokuwa unafungwa kwingine, na haukufungwa kwa sababu ya maksi za mtihani. Ulikuwa ndio wakati ambao bara zima lilikuwa linagawanywa. Mkutano wa Berlin ulimalizika 1885. Mwaka 1890 Unguja ikawa chini ya ulinzi wa Uingereza. Katika dunia ambamo kila bwana shauri, kila jaji na kila kamanda alikuwa Mzungu, askofu Mwafrika mwenye Wazungu chini yake alikuwa swali la kisiasa kabla hajawa swali la kiteolojia. Kanisa halikulazimishwa kulijibu kama serikali ilivyolijibu. Lilichagua.

Kwamba lilikuwa chaguo, wala si sheria ya maumbile, linaonekana tukivuka kwenda Uganda. Wakatoliki walidai masomo marefu na magumu kuliko Kiungani: Kilatini, falsafa, teolojia, miaka mingi ya malezi. Waliouliza kwa nini mzigo uwe mzito hivyo hawakuwa wachache. Mapadri wa kwanza wa Uganda, Basil Lumu na Victor Mukasa, walipata upadri mwaka 1913, miaka 23 baada ya Majaliwa. Lakini mwaka 1939 Joseph Kiwanuka, aliyesoma seminari ya Katigondo, aliwekwa wakfu na Papa Pius XII mjini Roma akakabidhiwa Masaka, eneo ambalo mapadri wake wote walikuwa Waafrika. Kutoka padri wa kwanza hadi askofu: miaka 26. Laurean Rugambwa wa Bukoba, mwanafunzi mwingine wa Katigondo, alipata upadri 1943, uaskofu 1952, na ukardinali 1960. Je, walimu wa Katigondo walikuwa na siri ambayo Kiungani hawakuijua? Tofauti ilikuwa juu ya chuo, si ndani yake. Askofu Henri Streicher aliweka makleri wazalendo mbele ya kila mpango, na Roma, kwa waraka wa Benedikto XV wa mwaka 1919 na ule wa Pius XI wa 1926, iliwaagiza wamisionari wajiandae kuondoka. Palipotoka amri ya kukabidhi, waliokabidhiwa walipatikana. Waanglikana walikuwa na miaka 23 ya kutangulia, na wakafika nyuma.

Pingamizi la pili ni la fedha, na lina nguvu zaidi. Wamisionari wa Misheni ya Vyuo Vikuu hawakulipwa mshahara. Walipata makazi, chakula na posho ndogo, na wengi hawakuoa. Padri Mwafrika alikuwa na mke, watoto na ndugu. Waumini wake walikuwa maskini, na shilingi ya kanisa ilitoka Uingereza, ambako waliotoa walipenda kusoma barua za Waingereza wenzao. Kweli, dayosisi ambayo haijitegemei ni vigumu kumpa mwenyeji kiti. Lakini umaskini huu nao ulikuwa wa kutengenezwa kwa sehemu. Mshahara wa padri ulipangwa chini ya ule wa karani wa serikali aliyetoka darasa lilelile, kisha kuondoka kwa vijana kukatajwa kuwa dalili ya wito dhaifu. Na fedha hazikuizuia misheni kuunda dayosisi mpya ya Masasi mwaka 1926 na kumweka Mwingereza, Vincent Lucas, kuwa askofu wake. Palipotakiwa kiti kipya, gharama yake ilipatikana.

Pingamizi la tatu hutoka upande wa pili, kwa wale wanaosema seminari zenyewe ndizo zilizoharibu: ziliwatoa vijana kwao, zikawavika kanzu na Kiswahili cha mjini, zikawarudisha wakiwa wageni. Kuna ukweli humo. Kiswahili kilikuwa lugha ya kigeni huko Uyaoni na Umakuani, tena kwa wengi ilikuwa lugha ya wafanyabiashara waliowanunua. Hata hivyo, ukitazama walichokifanya wahitimu, shitaka linapungua. Abdallah alirudi akaandika historia ya Wayao kwa Kiyao. Huko Masasi, suala la jando lilipozidi kulisumbua kanisa, halikumalizwa kwa kupiga marufuku. Lucas aliwasikiliza mapadri Waafrika, Kolumba Msigala akiwa mmoja wao, na kanisa likaandaa jando lake: vijana waliingia porini kama baba zao, wakatahiriwa, wakafundishwa utu uzima na wazee pamoja na mapadri, na yaliyopingana na imani yakaachwa. Uamuzi kama huo haukuweza kutoka kwa mtu asiyelijua jando wala kwa mtu asiyeijua katekisimu. Ulimhitaji aliyeyajua yote mawili, na seminari ndiyo iliyomfanya awe na yote mawili. Ugeni wake kidogo ulikuwa ndio chombo chake cha kazi.

Hali haikuwa ya Unguja pekee. Huko Freretown, Mombasa, William Jones na Ishmael Semler, waliokombolewa utumwani wakasomeshwa India, walipewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885, miezi michache kabla Hannington hajauawa njiani kwenda Buganda. Jones alikuwa katika msafara huo na ndiye aliyewarudisha watu wake pwani. Chuo cha teolojia kilifunguliwa Freretown mwaka 1903, kikahamia Limuru 1930. Hata hivyo Kenya ilisubiri hadi tarehe 15 Mei 1955, siku ambayo Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliwaweka wakfu Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya pamoja na Yohana Omari wa Tanganyika, huko Namirembe. Wote walikuwa maaskofu wasaidizi. Kutoka Jones na Semler ilikuwa miaka 70. Katika nchi ya Kiungani, dayosisi ya Dar es Salaam ilipoundwa 1965, John Sepeku akawa askofu wake wa kwanza, na mwaka 1970 akawa Askofu Mkuu wa Tanzania. Dayosisi hiyo ilipoundwa, uhuru wa Tanganyika ulikuwa na miaka minne. Kanisa lililokuwa na padri wake kabla serikali haijawa na karani msomi lilipata askofu wake wa dayosisi baada ya serikali kupata rais. Ratiba hiyo haikuandikwa na walimu wa Kiungani, wala na wanafunzi wake. Iliandikwa na siasa, na kanisa likaifuata.

Chuo chenyewe kilihamia Minaki, karibu na Dar es Salaam, mwaka 1925, na polepole kikawa zaidi shule ya walimu na ya sekondari. Kazi ya teolojia iliendelea kwingine, na kwa Walutheri Makumira ilianza 1954. Leo seminari nyingi za zamani zimekuwa vyuo vikuu: Mukono mwaka 1997, Limuru 2007, na Makumira nayo ina shahada zake. Mjadala wa sasa unahusu ithibati, sifa za wahadhiri na idadi ya shahada za uzamivu. Ni mjadala halali; kanisa lenye wachungaji wasiosoma hudanganywa na kila mwenye sauti kubwa. Lakini historia ya Kiungani inatuonya tusitegemee shahada ifanye ambacho haijawahi kufanya. Kiungani haikupungukiwa wahitimu. Ilipungukiwa wakubwa walio tayari kuwapisha. Na wakubwa si lazima wawe wageni. Chuo kinaweza leo kutoa wanawake wenye shahada za teolojia ambao dayosisi nyingine bado hazijaamua kuwapa daraja, au vijana wenye elimu kuliko waliowatangulia, wanaoambiwa wasubiri wakomae. Pengine wanapaswa kusubiri. Ila anayewaambia hivyo ana deni la kueleza wanasubiri nini hasa, kipimwe vipi, na hadi lini, kwa sababu neno hilohilo liliwahi kuambiwa watu waliokwisha kulilea kanisa peke yao vitani.